Milka Mghoi Mwakio Hakuwa Mpole

Marehemu Milka Mghoi Mwakio alikuwa na tabia moja aliyoanza nayo utotoni na hakuiacha hadi mikono ilipomwishia nguvu: akiudhiwa, alimenya vitunguu. Hakubamiza mlango. Hakumpigia mtu simu ili amsengenye aliyemuudhi. Aliingia jikoni, akavuta kiti, akaweka karai mapajani na kumenya, kimoja baada ya kingine, mpaka macho yakawa mekundu na pumzi ikatulia. Havikuwa vitunguu vya mchuzi wa siku hiyo, maana hakuna mchuzi uliohitaji vitunguu vingi kiasi hicho. Kwenye friji yake ya Bordesley Green, hapa Birmingham, hapakukosekana kopo la aiskrimu lililojaa vitunguu vilivyomenywa, na aliyemjua aliweza kufungua kopo hilo akafahamu wiki ilikuwaje. Vilivyozidi alimpa jirani yake Harjit, mama wa Kipunjabi, juu ya ukuta wa uani. Harjit hakuuliza ni vya nini. Swali lake lilikuwa moja tu: "Leo nani tena?"

Tabia hiyo inatajwa mwanzo kwa makusudi. Tangu msiba utokee, kila aliyeingia sebuleni kwa marehemu amesema neno lile lile. Alikuwa mpole. Hakujua hasira. Mungu alimwumbia moyo wa peke yake. Kamati ya mazishi ilileta hata sentensi iliyokwisha kuandikwa, iingizwe mahali hapa hapa, na familia ikaikataa. Marehemu hakuwa mpole. Alikuwa mtu wa hasira kali, mwenye ulimi ambao ungeweza kukata kamba, na kila jema alilomtendea mtu msumbufu alilitenda hasira zake zote zikiwa bado zimo mwilini. Kumwita mpole ni kumnyang'anya kazi aliyoifanya. Tena ni njia rahisi ya kujisamehe: kama yeye aliumbwa hivyo, basi sisi ambao hatukuumbwa hivyo hatudaiwi kitu.

Wasifu huu unasomwa huku jambo moja likiwa limemkaba kila mtu koo, na ni afadhali litajwe mapema. Katika nyumba ya marehemu anaishi Mama Dative, mama wa Kikongo kutoka Uvira, ambaye marehemu alikaa naye miaka minne. Mwenye nyumba anaitaka nyumba yake mwishoni mwa mwezi wa Machi. Mama Dative hana pa kwenda. Na sababu ya kukosa pa kwenda, katika jumuiya iliyojaa watu waliookoka na vyumba vya wageni, ni kwamba Mama Dative anaudhi.

Milka alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Werugha, katika milima ya Taita, nchini Kenya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mwakio, fundi wa mawe, na marehemu Mama Mkawasi, ambaye alilima mboga na kuwauzia wachuuzi waliopanda kutoka Mombasa. Kwa sababu ya baridi ya kule juu, nyumba yao ilinuka moshi na vitunguu mwaka mzima. Siku moja, akiwa msichana wa miaka tisa, Milka alimpiga binamu yake aliyecheka mguu wa kilema wa jirani. Alimpiga mpaka watu wazima wakaja kuwaachanisha. Mama hakumchapa. Alimketisha mbele ya gunia la vitunguu, akampa kisu.

"Tolea machozi yako hapo. Yakiisha, utakwenda kumwomba radhi."

"Na yasipoisha?"

"Magunia tunayo, mwanangu."

Alisoma shule ya msingi ya misheni pale Werugha kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, akamaliza mwaka 1968. Walimu wake walimkumbuka kwa hesabu nzuri na kwa tukio moja ambalo lilimrudisha nyumbani kwa majuma mawili: alimmwagia kiranja uji kichwani. Kiranja huyo alikuwa akiwanyima uji watoto waliochelewa kutoka kuteka maji. Hadi uzeeni marehemu alikubali kosa hilo lote isipokuwa kipengele kimoja. "Ulikuwa umepoa," alisisitiza. "Msiseme nilimwunguza mtu. Uji ulikuwa umepoa." Kutoka hapo alikwenda Mombasa kusomea uuguzi, akahitimu mwaka 1972.

Tarehe 7 Desemba 1974, Milka alifunga ndoa na Mark Mwadime, mwalimu, katika kanisa walimobatizwa wote wawili. Mark ndiye aliyekuwa mpole. Yeye alikuwa na upole wa kuzaliwa nao, kama mtu anavyozaliwa na masikio makubwa, na wageni walipomsifu kwa huo alikuwa akiwakatiza. "Mimi sina sifa hapo," alisema. "Sijisikii vibaya mtu akinitukana. Mtazameni huyu mke wangu. Huyu anajisikia vibaya, na bado anawapakulieni." Mwaka 1977 walijaliwa binti, wakampa jina la bibi yake, Mkawasi. Mtoto hakufikisha mwaka. Amelala Werugha, kando ya babu yake. Hawakupata mwingine.

Mark alikuja Birmingham mwaka 1989 kwa masomo, na Milka akamfuata mwaka uliofuata. Mwaka 1991 aliajiriwa kama muuguzi katika wodi ya wazee, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomwondoa. Mark alifariki tarehe 3 Juni 1999, na Milka akabaki peke yake katika nyumba ya Bordesley Green. Mdogo wake wa mwisho, Gertrude, ambaye alimlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, alikuwa amekwisha kuja kufundisha chuoni na kuishi Castle Vale. Alimwita Milka "dada" lakini alimwogopa kama mama.

Wodini kulikuwa na mzee mmoja ambaye marehemu hakulitaja jina lake hata nyumbani. Kila asubuhi mzee huyo alimwambia aondoe mikono yake, arudi alikotoka, amletee nesi wa maana. Wenzake walitaka kubadilishana naye ili asimwone tena. Milka alikataa. Alisimama miguuni pa kitanda, akakunja mikono ya sare yake, akamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka: "Wewe ni mtu mbaya, bwana. Na leo utakuwa mtu mbaya aliyeoga." Akamwogesha, vizuri, kwa maji ya vuguvugu, akamkausha katikati ya vidole vya miguu. Watu hupenda hadithi hii iishe kwa mzee yule kulia na kuomba msamaha. Haikuisha hivyo. Aliruhusiwa kwenda kwao akiwa safi, na alimtukana Milka mpaka mlango wa lifti ulipojifunga. Jioni hiyo Harjit alipata vitunguu vya kutosha arusi.

Sasa tufike kwa Mama Dative, kwa kuwa hapo ndipo maneno mengi yamepindishwa.

Mama Dative alitokea kwenye ibada yetu ya Kiswahili mwaka 2002, majira ya baridi yakianza, akiwa na mkoba mmoja. Ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa, na akawa ametolewa katika nyumba aliyopewa. Kanisa lilifanya jambo jema. Mzee Jairus, mwenyekiti wetu, ambaye yuko hapa leo, alipendekeza zamu: kila familia imkaribishe kwa mwezi mmoja, kisha impeleke kwa familia inayofuata. Watu walipiga makofi. Hugues na Sylvie, Wakongo wenzake, walikuwa wa kwanza, na kabla mwezi haujaisha Sylvie alimrudisha kanisani pamoja na mkoba wake, wakati wa sadaka, akamketisha benchi la mbele, akarudi kukaa nyuma. Familia ya pili ilisikia mambo hayo, ikapata mgeni wa ghafla kutoka Nairobi. Ya tatu ikaanza kupaka nyumba rangi. Januari 2003 zamu ilimfikia Milka. Ikakaa hapo. Rangi ya familia ya tatu inaelekea haijakauka mpaka leo.

Mama Dative anaudhi kweli. Familia haitapamba hilo pia. Huomba kwa sauti kuu kabla jua halijachomoza, akimtaja kila mkaaji wa nyumba kwa jina na kwa dhambi zake. Akipewa chai huuliza, kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "Hii njo chai ao njo maji ya kunawa?" Hupokea simu za wenyewe na kuwaambia wapigaji habari ambazo hazikuulizwa. Huhamisha viti. Hajawahi kusema asante kwa mtu yeyote kwa jambo lolote, na ukimpa kitu hukitazama kwanza kwa nyuma, kama anayetafuta tundu.

Siku ya Pasaka mwaka 2004, baada ya ibada, wageni walikuja kula kwa Milka. Walikuwepo Mzee Jairus na mkewe, Hugues na Sylvie, na Gertrude. Milka alikuwa amepika tangu alfajiri. Walipokaa, kwa heshima ya umri, alimwomba Mama Dative abariki chakula. Mama Dative akasimama, akainua mikono.

"Bwana," akaanza, "angalia hii nyumba. Iko na viti, iko na televisheni, iko na masufuria. Lakini sauti ya mtoto haiko. Dada yetu Milka alikukosea nini, Bwana, kama ulifunga tumbo yake? Utusemee leo."

 Sylvie alifunika macho kwa kiganja. Milka aliinuka, akaenda jikoni, na pale mezani wageni wakasikia kisu kikianza kazi.

Gertrude alimfuata.

"Dada, mfukuze. Leo hii. Mimi mwenyewe nitamfungia mkoba."

"Aende wapi?"

"Popote! Kwa Mzee Jairus. Ana vyumba."

"Nipishe kwenye mwanga, Getu, nitajikata."

"Unajitesa kwa nini? Hata Mungu hakutaki hivyo."

"Mungu hakuniambia nipende watu wanaonifurahisha. Angetaka hivyo, angeniletea watu wa kufurahisha." Milka alifuta macho kwa mkono wa gauni. "Nina hasira, mdogo wangu. Nina hasira hata meno yananiuma. Niache nimenye. Nikitoka hapa nataka niseme neno moja, liwe la kweli, na nisije nikahitaji kulirudisha."

Alipotoka, chakula kilikuwa kimepoa na hakuna aliyegusa. Hakukaa. Alisimama mbele ya Mama Dative, uso kwa uso, wote wakisikia.

"Mama Dative. Mimi nilizaa. Alikuwa binti, aliitwa Mkawasi, nilimzika kwa mikono yangu. Umeniumiza mbele ya watu, na mbele ya watu nakwambia: usirudie tena. Humu ndani, hilo usiliguse tena."

Mama Dative hakuinamisha kichwa wala hakuomba radhi. 

"Mi nilizala batoto sita," akasema. "Angalia sasa niko na nani."

"Uko na mimi," Milka akajibu. "Haya, leta sahani."

Akampakulia, wa kwanza kuliko wote. Kesho yake asubuhi Mama Dative alitukana chai kama kawaida. Lakini ombi lile hakulirudia, si siku hiyo wala siku nyingine, na hilo halikutokana na upole wa mtu yeyote. Lilitokana na kuambiwa.

Lililomkasirisha zaidi marehemu siku ile lilitokea mlangoni. Wageni walikuwa wakiondoka, na kila mmoja alipofika kizingitini alimshika mikono yote miwili na kumsifu. Mzee Jairus alikuwa na koti lake tayari, vifungo vyote vimefungwa.

"Dada Milka," alisema, "sisi wengine tunajaribu tu. Wewe umepewa kipaji cha uvumilivu."

"Na wewe, Mzee Jairus," Milka akamjibu, "umepewa chumba cha wageni."

Mke wa Mzee Jairus alicheka peke yake. Wakapanda gari wakarudi Great Barr. Habari ya jibu hilo ilienea kanisani kwa muda wa wiki mbili hivi, watu wakilirudia na kucheka, eti Milka ana maneno huyo. Hakuna aliyelichukua kuwa ni jibu. Jumapili zilizofuata sifa ziliongezeka. Alisifiwa kwenye kikao cha akina mama, alisifiwa kwenye mahubiri, alitajwa kuwa mfano kwa vijana. Aliyekuwa akimsifu alikuwa kila mara ameshika ufunguo wa gari.

Ni lazima isemwe pia kwamba marehemu alisaidia kujitwisha mzigo huo, kwa jambo ambalo lilikuwa jema. Hakusema vibaya juu ya Mama Dative nje ya nyumba. Alichokuwa nacho dhidi yake alimwambia yeye mwenyewe, ndani, mara moja, kwa sauti ambayo Harjit aliisikia kupitia ukutani, kisha akakiacha. Kanisani alipoulizwa, "Mgeni wako hajambo?" alijibu, "Hajambo, anakula." Kimya hicho kuhusu makosa ya mwenzake mlikipokea, ndugu zangu, kama ushahidi kwamba hakuna mzigo. Mlidhani kwa kuwa halalamiki, haumii. Mtu anayebeba gunia bila kuguna bado ana gunia mgongoni.

Oktoba 2006 marehemu alianza kupungua na kuumwa tumbo, na vipimo vilionyesha kansa ya kongosho. Madaktari walikuwa wakweli na yeye akawa mkweli kwao. Alichagua kuugua nyumbani. Alichagua pia kuzikwa hapa Birmingham kando ya mumewe, na familia ya Werugha iliridhia kwa machozi. Wauguzi walikuja, Gertrude alihamia sebuleni, na Mama Dative akachukua kiti kilicho karibu na kitanda, akakigeuza kuwa chake, hata waliokuja kumwona mgonjwa ikawalazimu kumwona kwa kupitia bega la Mama Dative.

Alimsumbua mgonjwa mpaka mwisho. Alimwambia amekonda vibaya. Aliwaambia wageni kwamba ugonjwa ulitokana na chakula cha Wakenya, kisicho na mafuta. Aligombana na nesi juu ya dirisha. Lakini siku ambayo akina mama wa kanisa walikuja kuimba, wakachagua nyimbo za kuaga, taratibu, huku wakipokezana leso, ni yeye aliyewakatiza.

"Munaimba sawa mutu amekufa!" alifoka. "Ye anasikia! Muimbe ya Noeli, ao muende."

Akina mama waliudhika sana. Waliimba za Krismasi, katikati ya Januari, na marehemu alitikisa vidole juu ya blanketi kwa kuufuata wimbo. Hata hapo hakuna aliyemshukuru Mama Dative, na yeye hakungoja.

Milka Mghoi Mwakio alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2007, saa nne asubuhi, theluji ikiwa imefunika barabara hata gari la daktari likachelewa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Jumapili iliyofuata kamati ilikutana sebuleni kwake. Baada ya kupanga mazishi, Mzee Jairus alikohoa, akasema kuna suala la Mama Dative, na kwa kuwa marehemu alituachia mfano mzuri, yeye anapendekeza zamu mpya. Wote wakatazama zulia. Mtu mmoja akasema labda serikali. Mwingine akasema tuombe. Sylvie peke yake aliinua uso.

"Mie siwezi," alisema. "Nasema kweli mbele ya Mungu na mbele ya marehemu. Nilijaribu, nilishindwa, siwezi."

Familia inamheshimu Sylvie kwa maneno hayo kuliko makofi yote yaliyopigwa mwaka 2002.

Kuta za nyumba zile ni nyembamba, na jikoni ni hatua chache tu. Mama Dative aliingia na sinia la chai, akaliweka mezani, akasimama mbele yao na aproni ya marehemu kiunoni.

"Munanigawanya sawa nguo za marehemu?" akauliza. "Basi mungoje. Nguo hazigawanywe mbele ya mazishi."

Ilikuwa kweli. Hata kwa mila zetu nguo za maiti hungojewa. Hukabidhiwa ndugu aliye karibu, siku yake ikifika, kwa heshima, na ndugu huyo hasemi kwamba ana mafundi wa rangi nyumbani. Mtu aliye hai alikuwa akipewa heshima pungufu ya gauni.

Gertrude alikuwa amekaa kwenye ngazi, mlango ukiwa wazi. Hakumpenda Mama Dative siku ile, na hampendi leo. Alisimama tu, akasema mbele ya kamati, "Hakuna zamu. Anakuja Castle Vale." Mwanawe, Achieng, alimwuliza kwa mnong'ono, "Mum, is she gonna pray in my room?" Gertrude akamwambia ndiyo, inaelekea maombi yatakuwa chumbani mwake. Kisha akaingia jikoni, akafunga mlango, na hasira aliyokuwa nayo hakujua aipeleke wapi.

Kwa hiyo familia inatangaza kama ifuatavyo, ili isije ikapotoshwa mlangoni wakati wa kuagana. Mama Dative atahamia Castle Vale kabla ya mwisho wa Machi. Hatahamishwa tena. Gertrude hana kipaji cha uvumilivu na anaomba asiambiwe kwamba anacho. Atakayemwambia hivyo atapewa siku ya kumpeleka Mama Dative kliniki. Mnaompenda marehemu, msije kuleta sifa. Njooni mkae. Mtaudhiwa. Mwambieni usoni kwamba amewaudhi, kisha mle naye. Hivyo ndivyo Milka alivyoishi, na hakuna siri nyingine ndani yake.

Marehemu ameacha ndugu zake wawili, Elisha Mwakio wa Werugha na Gertrude Mwakio wa Birmingham. Shemeji zake wa ukoo wa Mwadime. Achieng, aliyemwita mama mkubwa. Watoto wa Elisha na wajukuu zao. Harjit, jirani yake wa miaka kumi na saba. Na Mama Dative, wa nyumbani mwake. Kamati ilishauri kwamba huyo wa mwisho si wa damu, jina lake lisichapwe. Limechapwa.

Tunamkabidhi kwa Mungu aliyemwona jikoni wakati sisi tulikuwa mezani. Ampumzishe vizuri, maana alikuwa amechoka, na alichoka kwa ajili yetu.

Alhamisi, siku moja kabla ya kufa, hakuwa akisema tena. Mama Dative alikuwa ametoka kidogo kwenda kutazama theluji na kuilaumu. Gertrude aliinama kumlainisha midomo kwa pamba, akamwuliza kama anataka aombewe. Milka alitikisa kichwa kukataa. Alimvuta kwa ukosi wa sweta mpaka sikio likafika karibu, na sauti ikatoka, kavu, yenye ukali wake wote.

"Ugali wake usonge laini. Hana meno ya nyuma yule, na hatakwambia. Atautukana ugali."